Purikura: kibanda cha wasichana wa Japani kilichoitangulia selfi

Katika majumba ya michezo ya kompyuta ya Japani, ukishapita mashine za kunasa vidoli na zile za mbio za magari, utafika penye safu ya vibanda vyenye mapazia ya rangi za pipi. Pembeni pana meza ndogo. Juu yake pana kioo, wakati mwingine pasi ya kunyooshea nywele, na mikasi. Hiyo mikasi inanivutia kuliko kamera zenyewe. Nani amewahi kuona studio ya picha inayomwekea mteja mkasi? Studioni unalipa, unapewa bahasha, unakwenda zako. Hapa wameingia watu wanne, mashine imetoa karatasi moja, na karatasi hiyo lazima ikatwe na kugawanywa palepale, kabla hawajaachana kila mmoja kushika treni yake.

Vibanda hivi huitwa purikura. Ni kifupi cha Purinto Kurabu, jina la mashine ya kwanza, ambalo ni Kiingereza kilichopitia kinywa cha Kijapani kama shati na baiskeli zilivyopitia chetu.

Historia ya selfi tuliyozoea kusimuliwa ni fupi. Mwaka 2010 iPhone 4 ikaja na kamera ya mbele, mwaka huohuo Instagram ikazinduliwa, 2013 wachapishaji wa kamusi za Oxford wakaitangaza selfi kuwa neno la mwaka, na tangu hapo wazee wanalalamika kwamba vijana wamejipenda mno. Kila kipande cha simulizi hiyo ni kweli. Tatizo ni mpangilio wake, unaomfanya mtu aamini kuwa kamera ilitangulia na tabia ikaifuata. Mimi naona mambo yalikwenda kinyume. Tabia ilikuwepo zamani, imekomaa, ina kanuni zake na msamiati wake, na ilikomaa ndani ya kibanda chenye pazia, mikononi mwa wasichana wa sekondari, miaka kumi na mitano kabla ya hiyo iPhone.

Ili kuliona hilo inabidi kwanza kulifumua neno lenyewe.

Nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja

Tunaposema selfi tunasema mambo matatu kwa mkupuo. Kwanza, anayepiga ndiye anayepigwa. Pili, anajiona wakati anajipiga, kwa hiyo anaweza kuinua kidevu, kusogeza ushungi au kubana tumbo kabla hajabonyeza. Tatu, picha ina mtu inayemwendea. Haipigwi ili ikae kabatini. Mabishano mengi kuhusu nani alikuwa wa kwanza hayaishi kwa sababu kila mmoja ameshika uzi wake.

Uzi wa kwanza ni mkongwe karibu sawa na upigaji picha wenyewe. Mwaka 1839, huko Philadelphia, Robert Cornelius, ambaye familia yake ilikuwa na biashara ya taa, aliweka kamera nyuma ya duka lao, akaifungua lenzi, akaenda kusimama mbele yake na kutulia tuli. Picha ipo mpaka leo: nywele timtim, mikono kifuani, na mwenyewe kaegemea upande mmoja wa fremu badala ya katikati. Hakuwa na namna ya kujua kama yuko katikati. Alijipiga bila kujiona.

Mwaka uliofuata Mfaransa Hippolyte Bayard, aliyekuwa na kinyongo kwa sababu serikali ilimtukuza Daguerre, mvumbuzi mwenzake wa upigaji picha, na kumwacha yeye, alijipiga picha akiwa amejilaza kama maiti ya mtu aliyejizamisha majini. Alikuwa mzima wa afya. Kwa maneno mengine, picha ya kujipiga ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu ilipoanza kusema uongo. Nalitaja hilo mapema kwa sababu mbele tutakutana na watu wanaodhani uongo huo uliletwa na filta.

Uzi wa kujiona ulihitaji kioo. Mwaka 1914 Anastasia, binti wa mfalme wa Urusi, akiwa na miaka 13, aliweka kamera yake ya boksi juu ya kiti, akasimama mbele ya kioo na kujipiga. Barua iliyoandamana na picha inasema ilikuwa kazi ngumu kwa sababu mikono ilikuwa ikitetemeka. Huyu alizishika nyuzi zote tatu, kwani alijipiga, alijiona, na picha akaituma. Lakini alikuwa binti wa mfalme, na kamera ya kuchezea haikuwa ndani ya kila nyumba.

Kwa upande wetu wa dunia, mfano unaonigusa ni wa Samuel Fosso. Alizaliwa Kameruni, akakulia Nigeria hadi vita vya Biafra, kisha akafika Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati. Huko, mwaka 1975, akiwa na miaka 13, alikuwa tayari na studio yake. Mchana alipiga wateja picha za pasipoti na za ukumbusho. Jioni, zile picha chache zilizobaki kwenye filamu alijipiga mwenyewe, amevaa suruali pana na viatu vya kisigino kirefu, nyuma pazia. Nyingine alimtumia bibi yake Nigeria ili ajue kwamba mjukuu yu hai na mambo yake yanakwenda. Baadaye picha hizo zilionyeshwa Bamako mwaka 1994 na kumpa jina duniani, ila zilianza kama barua kwa bibi.

Sasa kibanda. Mwaka 1925, kwenye barabara ya Broadway mjini New York, mhamiaji aliyezaliwa Siberia, Anatol Josepho, alifungua duka la mashine yake aliyoiita Photomaton. Senti 25, picha nane, dakika nane. Katika miezi sita ya kwanza watu 280,000 walipanga foleni, na 1927 mashine ilimletea Josepho dola milioni moja kutoka kwa wawekezaji. Uvutio wake ulikuwa kwamba hapakuwa na mpiga picha. Kwa wapenzi waliotaka kubusiana bila jicho la mtu, na kwa maskini asiyeweza gharama ya studio, hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini kibanda hicho, pamoja na vizazi vyake vyote vilivyotupigia picha za vitambulisho, kilikuwa na kasoro ileile ya Cornelius: hujui kilichonaswa mpaka karatasi idondoke, mbichi bado. Macho yakifumba, yamefumba. Weka sarafu nyingine.

Julai 1995

Miho Sasaki alikuwa mfanyakazi wa Atlus, kampuni ya Tokyo inayojulikana zaidi kwa michezo ya kompyuta iliyojaa mapepo na mashetani. Aliona jambo ambalo wakubwa wake hawakuliona. Wasichana wa Japani walikuwa wendawazimu wa stika: kwenye madaftari, kwenye kasha za kalamu, kila mahali. Tena walikuwa wapigaji picha wazuri, maana tangu 1986 kampuni ya Fuji iliuza kamera ya karatasi ya kutumia mara moja na kutupa, nazo zilizagaa kwenye mabegi ya shule. Sasaki akapendekeza mashine itakayounganisha mawili hayo, picha yako iwe stika. Wazo lilipuuzwa mwanzoni. Mwishowe Atlus ikalitekeleza pamoja na Sega, iliyokuwa na nguvu katika majumba ya michezo nchi nzima, na Julai 1995 mashine ya kwanza ikawekwa mtaani.

Ukiiangalia leo ni kitu cha kuchekesha. Ilipiga uso na mabega tu, picha hafifu, ndogo kama stempu, unachagua fremu yenye maua au vikatuni, basi. Yeni 300, stika 16. Lakini ilikuwa na kitu ambacho mashine ya Josepho haikuwa nacho, yaani kamera ya video na skrini. Ulijiona ukiwa bado unajipanga, kidole kiko kwenye kitufe. Na kwa kuwa kilichotoka ni stika, uzi wa tatu ulikuwa umeshonwa ndani ya karatasi tangu mwanzo. Stika haina maana mpaka ibandikwe mahali, na stika 16 za sura yako ni nyingi mno kwa mtu mmoja.

Hapo ndipo hesabu ya mkasi inapoingia. Wasichana watano wakichanga, kila mmoja anatoa yeni 60. Kila mmoja anapata stika tatu, na moja inabaki ya kugombewa. Katika zako tatu, moja unabandika kwenye daftari lako na mbili ni mtaji wa kubadilishana na marafiki wa darasa jingine, wa shule nyingine, wa kambi ya likizo. Daftari hizo zina jina lake, puricho, na mwenye puricho nono alikuwa mwenye watu. Waliosoma shule za bweni enzi za daftari za otografu, zile ambazo kila rafiki alikuandikia ukurasa mzima wa mashairi ya kuagana, wataelewa mara moja bila maelezo ya ziada.

Huu ndio msingi wa ninachotaka kusema. Watu wanapoichambua selfi huanza na nafsi, wakaishia kwenye majivuno. Kwenye kibanda cha 1995 nafsi ilikuwa imebanwa katikati ya mashavu ya wenzake wanne, na thamani ya picha ilipimwa kwa idadi ya madaftari iliyofika. Aliyeingia peke yake ndiye aliyekuwa kioja.

Jambo jingine lilitokea ambalo wenye majumba ya michezo hawakulitegemea. Kabla ya hapo majumba yale yalikuwa mapango ya wanaume, yenye giza na moshi wa sigara. Purikura ilileta makundi ya wasichana wenye sare za shule, na wenyewe wakageuza sakafu nzima kwa ajili yao. Mpaka leo sehemu nyingi zina tangazo kwamba wanaume wasioandamana na mwanamke hawaruhusiwi eneo la purikura, kwa sababu ya wachunguliaji na wale wanaokuja kutongoza. Mwanamume anayetaka kupiga purikura na rafiki yake wa kiume hana budi kutafuta tawi linaloruhusu.

Mwaka huohuo wa 1995 msichana mwingine wa Tokyo, anayejulikana kama Hiromix, alishinda zawadi kuu ya shindano la picha la kampuni ya Canon kwa albamu ya maisha yake mwenyewe ya ujana, chumba chake, marafiki zake, mwili wake, vyote kwa kamera ndogo ya kawaida. Wahakiki wakaibandika kazi ya aina hiyo jina la "picha za wasichana", jina lenye dharau kidogo ndani yake. Mwaka 2001 tuzo ya Kimura Ihei, ambayo ni miongoni mwa zilizo kubwa kabisa kwa wapiga picha nchini humo, ilikwenda kwa wanawake watatu kwa pamoja: Hiromix, Yurie Nagashima na Mika Ninagawa. Dharau ikabidi ipunguzwe sauti.

Ingia ndani

Tuingie kwenye kibanda cha siku hizi, kwa sababu maelezo ya nje hayatoshi.

Bei imepanda, ni yeni 400 au 500, sarafu kwa sarafu. Nje kuna skrini ya kwanza: mko wangapi, mnataka mandhari gani. Mnaweka mabegi kwenye kikapu, mnafunua pazia, na mnakuta chumba cheupe chenye mwanga kutoka juu, pembeni na chini, mwanga ambao haukubali kivuli hata cha pua. Sauti nyororo ya kike inaanza kutoa maelekezo. Skrini inaonyesha pozi la mfano: shikaneni viganja mtengeneze moyo, wekeni ngumi mashavuni, mmoja achuchumae mbele. Kisha inahesabu, tatu, mbili, moja, na flashi inawaka. Hakuna nafasi ya kufikiri. Pozi linalofuata limeshatokea, hesabu imeanza tena, mmoja bado anacheka pozi lililopita. Haraka hiyo ni ya makusudi. Nje kuna foleni, na pia watu wanaokimbizwa hawapati muda wa kuona haya.

Baada ya picha kadhaa sauti inawaambia mtoke na kuzunguka upande wa pili. Huko ndiko kwenye uhondo. Kuna kijichumba kingine chenye skrini na kalamu mbili, na kazi yake inaitwa rakugaki, neno linalotumika pia kwa michoro ya ukutani ya watoto watundu. Saa inahesabu kurudi nyuma juu ya skrini. Mmoja anaandika tarehe, mwingine anamchorea mwenzake masharubu ya paka. Mnachagua ukubwa wa macho, umbo la macho, rangi ya midomo. Mnaandika majina, utani ambao watu wa nje hawatauelewa, au zuttomo, yaani marafiki wa daima. Muda ukiisha umeisha. Mnapanga picha kwenye karatasi, mnasubiri kama dakika moja hivi, karatasi inateleza kwenye tundu ikiwa bado ina uvuguvugu, na mnakwenda mezani kwenye mkasi.

Kazi ya kuandika juu ya picha haikuwepo kwenye mashine ya 1995. Iliongezwa baadaye katika miaka hiyohiyo ya tisini, baada ya wasichana kuwa tayari wanaandika juu ya stika zao kwa kalamu za wino wa rangi. Mashine iliwafuata. Mtu aliyewahi kuweka maandishi, vibandiko na masikio ya sungura juu ya picha ya Snapchat alikuwa anafanya rakugaki, tofauti ni kwamba alikuwa kwenye daladala.

Kutia chumvi

Neno muhimu kuliko yote katika ulimwengu huu ni moru. Maana yake ya asili ni kurundika, kama unapompakulia mgeni wali hadi sahani ikafanya kilima. Kwa Kijapani mtu anayekuza habari naye "anairundika" habari, pale sisi tunaposema anatia chumvi. Kutoka hapo wasichana wakalichukua neno na kulipeleka usoni. Kope za bandia ni moru, nywele zilizotimuliwa zikapanda ni moru, na mashine inayokukuzia macho inatenda moru kwa niaba yako.

Mwanzoni chumvi ilikuwa mwanga tu. Watengenezaji waligundua kwamba flashi kali inafuta chunusi na mikunjo, wakazidi kuiongeza. Kisha, kadiri kompyuta zilivyopata nguvu, wakaja na utambuzi wa uso: programu inatafuta kona za macho, ncha ya pua, mstari wa taya, halafu inavuta na kubana pale inapotakiwa. Kampuni inayotawala soko hili, Furyu, ilizaliwa ndani ya Omron, kampuni ya Kyoto ya vifaa vya kuhisi na kudhibiti mitambo, ikajitenga mwaka 2007. Hivyo ujuzi wa kuzifundisha mashine kuutambua uso wa binadamu ukaenda kutumika kuamua jicho la binti wa miaka kumi na sita liwe kubwa kiasi gani.

Mwishoni mwa miaka ya 2000 jibu lilikuwa kubwa mno. Ulikuwa wakati wa deka-me, macho makubwa, na ukiziona picha za enzi hiyo utadhani familia nzima ya bundi imevaa sare za shule. Likazuka na neno la kejeli, sagi-puri, purikura ya utapeli, kwa picha ambayo mwenyewe hata mama yake asingemtambua. Halafu upepo ukageuka. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2010 mashine zilizovuma ni zile zilizotia chumvi kwa siri, ambapo mtazamaji anaona umependeza lakini hawezi kunyooshea kidole kilichobadilishwa. Kwa mtengenezaji hiyo ni kazi ngumu zaidi, maana kukuza jicho mara mbili ni rahisi, kulikuza kwa kiasi ambacho hakuna atakayesema neno ndiko kunakohitaji fundi. Furyu ina kitengo kizima cha kuchunguza mitindo ya wasichana, na wasichana wenyewe huitwa kuhojiwa mashine inapoundwa.

Je, ni udanganyifu? Mtafiti Yuka Kubo, aliyeziita teknolojia hizi kwa pamoja "teknolojia ya Cinderella", alianza kazi yake kwa kuangalia michoro ya zamani ya warembo wa Kijapani. Humo wanawake wa zama moja wana nyuso zinazokaribia kufanana, kwa sababu mchoraji hakuwa anaiga sura ya mtu bali anafuata mtindo wa wakati. Kubo aliwahoji wasichana wa purikura akitarajia wamwambie wanataka kuwa wazuri machoni pa wengine. Walichomjibu ni kwamba wanataka kuwa wao wenyewe. Kwa mtu wa nje hilo ni kichekesho, maana picha zao zote zinafanana. Lakini ndani ya kundi, anasema Kubo, tofauti ndogo ndogo zinaonekana wazi: huyu kapanga kope hivi, yule kachagua rangi ile. Ni kama kanga. Mgeni anaona wanawake kumi wamevaa nguo moja. Wenyewe kila mmoja kasoma jina la mwenziwe na kujua anamsema nani.

Nakubaliana naye hadi hapo. Kuna upande mmoja wa habari hii ambao sina moyo wa kuutetea, nao ni rangi. Mashine za purikura hung'arisha ngozi. Weupe ni sehemu ya kanuni za urembo wa huko tangu enzi za poda ya mchele, na programu iliundwa kwa nyuso za huko. Mtu mweusi akiingia anapewa uso uleule wa wastani, macho yaliyotanuliwa na ngozi iliyofifishwa. Mashine haina nia mbaya na haina nia yoyote. Ina wastani tu, na wastani huo uliwekwa na mtu fulani kwa ajili ya watu fulani. Ingekuwa imebaki kwenye vibanda vya Shibuya, mtaa wa Tokyo, lingekuwa jambo lao. Lakini sura ile ya macho makubwa, kidevu chembamba na ngozi isiyo na tundu ilihamia kwenye programu za simu, kwanza Asia Mashariki, ambako kampuni ya Kichina ya Meitu ilianza 2008 na programu ya kurembesha picha, kisha kwingine kote. Ndiyo maana unaweza kufungua albamu ya harusi ya Mwanza au Mombasa ukakuta uso wa bi harusi na mikono yake si ya mtu mmoja.

Kampuni ya Transsion ya Shenzhen, yenye simu za Tecno, Infinix na itel, ilijipatia soko kubwa Afrika kwa sababu, pamoja na bei na laini mbili, ilirekebisha kamera zake zione nyuso nyeusi ambazo kamera nyingine zilizigeuza kivuli. Hilo linaonyesha kwamba wastani unaweza kubadilishwa pale mteja anapohesabiwa kuwa mteja.

Kutoka kibandani kwenda mfukoni

Simu ziliupata ujuzi huu kwa awamu, na awamu za mwanzo zilitokea Japani. Mwaka 1999 Kyocera ilitoa VP-210, simu yenye kamera inayomtazama mwenye simu. Ilikusudiwa mazungumzo ya video, fremu mbili tu kwa sekunde, yaani mnasemezana kwa vituo kama roboti mbili. Novemba 2000 ikafuata Sharp J-SH04, kamera mgongoni, pikseli 110,000. Ni picha duni hata kwa enzi hiyo, lakini ukiitazama kwa karibu utaona kando ya lenzi kuna kioo kidogo cha mviringo. Mtu anajigeuzia simu, anajiangalia kwenye kile kioo, anabonyeza. Nyuzi mbili zimerudi. Ya tatu ililetwa na kampuni ya simu yenyewe, ilipoanza kutangaza huduma ya kutumiana picha kwa jina la sha-meru, jina lililoenea hata watu wakaligeuza kitenzi. Wateja wa kwanza wa kuchangamkia huduma hiyo hawakuhitaji kufundishwa pozi. Walikuwa na miaka mitano ya mazoezi kibandani.

Kamera za mbele zilizofuata, pamoja na ile ya iPhone 4, nazo ziliuzwa kwa hoja ya mazungumzo ya video. Selfi iliingia kwa mlango wa nyuma.

Hata ule mti wa kushikia simu una asili huko. Mwanzoni mwa miaka ya themanini Hiroshi Ueda, mhandisi wa kampuni ya kamera ya Minolta, alikuwa matembezini Ulaya na mkewe. Huko Louvre, jumba la makumbusho la Paris, alimwomba mtoto awapige picha. Mtoto akatimua mbio na kamera. Ueda akarudi nyumbani akabuni fimbo ya kurefuka, na kamera yenye kioo mbele ili mtu ajione. Haikuuzika. Mwaka 1995, mwaka uleule wa purikura, fimbo ya aina hiyo ilitajwa katika kitabu cha uvumbuzi wa Kijapani usio na faida, watu wakacheka. Hataza yake, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi huo, iliisha muda 2003, miaka michache kabla fimbo hizo hazijajaa kila mnara wa utalii duniani.

Na jina? Matumizi ya kwanza ya neno selfi yanayojulikana kwa maandishi ni ya Australia, 2002. Kijana mmoja aliyekuwa amelewa alianguka akapasuka mdomo, akaiweka mtandaoni picha ya jeraha na kuomba radhi kwamba haikutulia vizuri kwa kuwa alijipiga mwenyewe. Wajapani walikuwa na neno lao, jidori, "kujipiga". Kwa bahati njema linatamkwa sawasawa na neno jingine, jidori, ambalo ni kuku wa kienyeji.

Kibanda hakikufa

Kwa hesabu ya kawaida purikura ingepaswa kuzikwa zamani. Kila aliyeingia kibandani sasa ana mfukoni kamera bora kuliko ya mashine, filta za bure, na hadhira isiyohitaji stika. Ni kweli soko lilipungua. Mtengenezaji mmoja mkongwe alifilisika 2018. Mashine za leo zinapata fedha nyingine kwa mlango wa pili: karatasi unaondoka nayo, lakini ukitaka picha zote kwenye simu, unajiunga na huduma ya malipo ya kila mwezi.

Hata hivyo watu wanaingia. Korea Kusini, ambayo nayo iliwahi kuvuma picha za stika miaka ya tisini, ilirudi na vibanda vya picha nne kwa mstari kuanzia 2017 hivi, mwanga wa kawaida, urembo kidogo, kofia na miwani ya kuchekesha ya kuazima mlangoni. Mtindo huo ukavuka bahari hadi Tokyo, na wasichana wa Japani sasa wanachagua kati ya chumvi ya nyumbani na ya jirani. Nairobi na Dar es Salaam kibanda kimefika kwa njia ya harusi, kikikodishwa pamoja na viti na mahema, nacho huvuta watu wa rika zote, hata mashangazi waliokuwa wakisema hawapendi picha. Ukimtazama shangazi akibishana na wapwa zake nani asimame mbele, unaona kile ambacho simu haikitoi. Simu inashikwa na mtu mmoja na mkono wake una urefu wake. Kibanda kinawasukuma wote ndani ya futi chache za mraba na kuwahesabia.

Kuna mtindo mmoja nitauacha hapa bila kuufafanua sana. Wasichana wa Japani wakishakata karatasi yao mezani, mmoja huchukua kile kipande, akafungua kava la plastiki angavu la simu yake, akakiweka kati ya kava na mgongo wa simu, akafunga. Upande mmoja wa simu una kamera ya mbele. Upande wa pili, ukitazama nje ili kila anayekaa mkabala kwenye treni aone, una nyuso nne zenye masharubu ya paka.